Mwongozo kamili wa kulea mimea inayokula wadudu kwenye gereji ya nyumbani hapa Tanga

Wadau wa mimea, habari zenu. Hii mimea inayokula wadudu wengi wetu tunaijulia kwenye simu, ile klipu nzi anatua kwenye jani, jani linafunga, basi mtu anahitimisha kwamba haya ni mambo ya nchi za baridi au mpaka uwe na chumba cha vioo chenye mashine. Sio kweli. Joto letu la pwani na huu unyevu unaofanya chumvi iloane mezani, kuna aina kibao zinaupenda kuliko hata huko Ulaya ambako watu wanalipia umeme mwaka mzima ili wapate hali tuliyonayo sisi bure. Shida ya Tanga sio hali ya hewa, shida ni maji, na shida ya pili ni watu kung'ang'ania aina isiyo ya huku. Ukivuka hayo mawili, banda la gari lenye rafu mbili na taa linabeba mkusanyiko mzuri tu.

Kabla ya hatua zenyewe elewa kitu kimoja sababu kila kitu huko chini kinatokea hapo. Hii mimea asili yake ni sehemu masikini, vinamasi na mchanga uliolowa, udongo hauna naitrojeni ya maana wala fosforasi. Ndo maana ikajifunza kuchukua chakula kwa wadudu. Mizizi yake haijazoea chumvi wala madini, kazi yake kubwa ni kunywa maji na kushika mmea. Kwahiyo samadi, urea, NPK, udongo mweusi wa shambani, maji ya kisima yenye chumvichumvi, vyote hivyo kwake ni sumu, na haifi siku hiyo hiyo, inadhoofika wiki kadhaa majani yanaungua ncha mpaka mtu anashindwa kujua kosa lilikuwa wapi.

Hatua ya 1: chagua aina ya joto letu

Hapa ndo pesa za watu wengi zinapotea. Kila mtu anataka Dionaea, ile yenye mdomo. Nitaizungumzia mwishoni peke yake kwa sababu ina mambo yake, ila usianze nayo.

Anza na Nepenthes, zile zinazoning'iniza vibuyu vyenye maji ndani, mdudu anateleza kwenye ukingo anazama. Sasa Nepenthes zimegawanyika makundi mawili na lazima ujue unanunua lipi. Kuna za milimani, mfano Nepenthes rajah, lowii, villosa, hizi zinataka usiku wa baridi, nyuzi 12 mpaka 15 hivi, Tanga mjini hupati hiyo hata mwezi wa saba, achana nazo (mtu wa Lushoto ndo anaweza kujaribu, nawaonea wivu kwa hilo). Alafu kuna za mabondeni: Nepenthes ampullaria, rafflesiana, gracilis, mirabilis, bicalcarata. Hizi ni za joto la Borneo, Sumatra na Malaysia, usiku wa nyuzi 23 na mchana 31 ndo nyumbani kwao, na ndo hali yetu. Ampullaria mimi naipenda zaidi ya zote, vibuyu vyake vinakaa chini vimejazana, na sehemu ya chakula chake inatoka kwenye majani makavu yanayodondokea ndani, kwahiyo hata kwenye gereji isiyo na wadudu haipati tabu sana. Kama hujawahi kabisa kulea kitu hiki, tafuta chotara linaloitwa Nepenthes × ventrata, ni gumu na linasamehe.

Kundi la pili ni Drosera, zenye vinyweleo vya gundi inayometa kama umande. Kwa joto letu chukua Drosera burmannii, ni ndogo, inaishi muda mfupi lakini inamwaga mbegu yenyewe na kuota upya, na vinyweleo vyake vya pembeni vinamkunjia mdudu ndani ya sekunde, utakaa uangalie. Drosera spatulata nayo nzuri. Drosera adelae inafaa kona yenye kivuli kidogo. Na kuna kundi la Drosera petiolaris kutoka kaskazini mwa Australia, hizo ndo zinataka joto kali nyuzi 30 kwenda juu, kaskazi yetu ya Januari na Februari zinafurahi wakati wewe unatoka jasho.

La tatu ni Utricularia, mitego yake ni vifuko vidogo mno chini ya udongo au majini, vinavuta mdudu ndani kwa kasi ya ajabu. Utricularia gibba inaelea tu kwenye beseni la maji ya mvua, haihitaji hata udongo, na inakula viluwiluwi vidogo vya mbu.

Tanzania pia tunazo zetu za asili, Drosera madagascariensis na Drosera indica zinaota sehemu za majimaji, na Utricularia ni nyingi tu. Tafadhali usizing'oe porini. Nyingi zikishang'olewa zinakufa njiani, na sehemu zenye unyevu zinazobaki ni chache. Piga picha, acha hapo hapo. Kwenye msitu wa hifadhi wa Amani ndo kabisa, hata mosi ya kwenye miti (ule mmea mdogo wa kijani unaotanda kama zulia) usiguse.

Sarracenia, zile ndefu kama mabomba, ziache. Zinahitaji majira ya baridi ya kweli, Tanga zitakupa mwaka mmoja mzuri alafu zinanyong'onyea.

Hatua ya 2: maji, na hapa usikimbilie

Nunua mita ya TDS kabla hujanunua mmea. Ni kale ka kijiti ka kidijitali unakachovya kwenye maji kanakusomea kiasi cha madini yaliyoyeyuka, wauzaji wa vifaa vya kuchujia maji wanazo na bei yake sio ya kutisha. Unataka maji yanayosoma chini ya 50. Mpaka 100 kwa dharura, alafu unasuuza vyungu na maji safi baadae. Zaidi ya hapo usiweke.

Maji ya visima vya Tanga mengi hayafai kabisa. Sehemu kubwa ya ukanda huu wa pwani umekaa juu ya matumbawe na mawe ya chokaa, hata mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa iliyoliwa na maji, sasa maji ya kisima yakipita humo yanabeba chokaa yote. Ukiona birika la chai lina utando mweupe mgumu ndani, hayo maji usiyapeleke kwenye Drosera. Ya bomba asili yake ni bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanatofautiana kulingana na msimu na mtaa, kwahiyo usiamini maneno ya mtu, pima ya kwako, na upime tena masika na kiangazi.

Jibu la kudumu ni mvua. Hesabu yake rahisi: kila mita moja ya mraba ya paa ikipata milimita moja ya mvua unapata lita moja. Gereji ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, ambayo masika ni kitu cha kawaida, inakupa karibu lita 200. Funga gata, elekeza kwenye pipa au simtank. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, vumbi na kinyesi cha ndege na kunguru vishuke kwanza, alafu dakika kadhaa baadae ndo uelekeze bomba kwenye pipa. Pipa lifunikwe na neti ya mbu kabisa, sio nusu. Na lisiwe birika la saruji kama yale ya nyumba za zamani, saruji inatoa chokaa ndani ya maji, mvua inaingia safi inatoka na madini. Plastiki tu.

Uhifadhi kiasi gani? Rafu mbili zenye trei nne tano zinaweza kunywa lita 3 kwa siku za joto. Kiangazi cha Januari na Februari mpaka masika ishike chukulia siku 75, hiyo ni lita 225. Mapipa mawili ya lita 200 unalala usingizi.

Yakiisha katikati? Maji ya AC. Nyumba yenye AC inatoa lita kadhaa kwa siku, ni unyevu wa hewa uliopozwa ukageuka maji, kwa hiyo hayana chumvi. Kinga kwenye ndoo safi, pima, na mashine iwe imesafishwa isije ikakupa kuvu. Maji ya chupa ya kunywa usiyaamini kwa jina, kampuni nyingi zinaongeza madini baada ya kuchuja, chovya mita kwenye chupa moja kabla hujabeba katoni. Kuna na maji ya betri yanayouzwa kwenye maduka ya spea, hapo uwe makini sana sana: kuna maji ya kuongezea betri ambayo ni maji safi yaliyotolewa madini, na kuna asidi ya betri, na mara nyingine vinawekwa kwenye vidumu vinavyofanana. Kama lebo haisemi wazi kabisa, acha. Asidi inaunguza ngozi na macho, achilia mbali mmea.

Kuchemsha hakusaidii. Chokaa kidogo inaganda kwenye birika, lakini chumvi nyingine haziondoki kwa moto, maji yanapungua zenyewe zinabaki.

Hatua ya 3: cha kupandia

Udongo wa kawaida hapana, hata ule mzuri wa bustani wa Lushoto. Kwa Drosera na Dionaea mchanganyiko wa kawaida duniani ni piti (mabaki ya mosi ya vinamasi, ya kahawia na mepesi) kipimo kimoja na mchanga au pelaiti (zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) kipimo kimoja. Piti wanayo wauzaji wa pembejeo za vitalu vya mboga, wanaitumia kuoteshea miche ya nyanya na hoho kwenye trei. LAKINI soma mfuko. Piti ya miche mara nyingi imeshachanganywa na mbolea na chokaa ya kupunguza uchachu. Ukiona NPK imeandikwa popote, au chokaa, rudisha. Unataka ile tupu.

Mchanga sasa. Mchanga wa baharini marufuku, una chumvi na una vipande vya kombe na matumbawe. Chukua mchanga wa mto, ulio mweupe na wenye chembe kubwa kidogo, alafu fanya jaribio la siki: weka kijiko cha mchanga kwenye kikombe, mwagia siki. Ukitoa povu au ukasikia unachemka, una chokaa, tupa. Ukikaa kimya, osha na maji ya bomba mpaka yatoke meupe, alafu suuza mara ya mwisho na maji ya mvua.

Kwa Nepenthes mambo ni rahisi zaidi na hapa sisi watu wa minazi tuna bahati. Chukua makumbi yaliyokatwa vipande vya sentimita moja mbili, vipimo viwili, mkaa uliopondwa saizi hiyo hiyo na kuoshwa vumbi lote na majivu, kipimo kimoja, na pelaiti kipimo kimoja kama unayo, usipoipata ongeza vipande vya makumbi. Makumbi yenyewe usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, yamejaa chumvi ya bahari. Hata ya kawaida yana chumvi zake za asili, kwahiyo loweka usiku kucha, kamua, mwaga, loweka tena. Chovya mita kwenye maji ya mwisho, ikisoma karibu na ile ya maji yako ya mvua umemaliza. Inaweza kuchukua mara nne tano, usikate tamaa, na loweko za mwanzo unaweza kutumia maji ya bomba ili usimalize ya mvua.

Mosi kavu ya Sphagnum ukiipata ni dhahabu, hasa kwa kuoteshea vipandikizi. Inatoka nje ya nchi, inaagizwa, sio bei ndogo, itumie kwa vyungu vidogo tu.

Vyungu viwe vya plastiki. Vya udongo vinanyonya na kutoa madini. Vikopo vya mgando, chupa za lita moja na nusu zilizokatwa, vyote sawa, toboa matundu matano sita chini kwa msumari uliopashwa moto.

Hatua ya 4: gereji yenyewe

Kwanza toa vitu vya petroli, tina na rangi, mvuke wake haufai kwa majani wala kwa mapafu yako. Gari kama bado linalala humo, usiliache likiunguruma mlango umefungwa.

Kinachoua kwenye mabanda yetu ni bati. Saa 8 mchana mwezi wa pili, bati lisilo na dari linashusha joto kama jiko la mkaa. Ning'iniza kipimajoto pale rafu ya juu itakapokaa, sio mlangoni, uangalie kwa siku chache. Ukiona inapanda nyuzi 36, 38, weka dari hata ya mkeka au makuti chini ya bati, au shusha rafu zote ziwe chini ya usawa wa kifua, sababu joto linakaa juu. Tundu la hewa juu ya ukuta mmoja na feni ndogo upande wa pili inatosha kwa mabanda mengi. Feni isipulize mimea moja kwa moja, inakausha gundi ya Drosera, inatakiwa isukume hewa tu.

Usiweke mimea kwenye boksi la kioo lililofungwa. Huo ushauri umeandikwa na watu wenye nyumba kavu za hita. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha muda mwingi wa mwaka, boksi la kioo hapa linapika.

Wa Raskazone na wote mnaokaa karibu kabisa na bahari, mlango unaoelekea upepo wa bahari msiweke rafu mbele yake. Upepo ule una chumvi. Unaweza kuiona kwenye nondo zinavyoliwa, sasa fikiria jani laini.

Taa: LED za tyubu za futi 4, wati 18, mwanga mweupe wa 6500K, zile za kawaida za dukani. Sio lazima taa za zambarau za bei mbaya. Rafu yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 45, funga tyubu mbili kwa Nepenthes na nne kwa Drosera. Drosera zikae sentimita 15 mpaka 25 chini ya taa, Nepenthes 30. Weka taima, iwashe saa 12 asubuhi izime saa 2 usiku, hiyo ni saa 14. Drosera yenyewe itakwambia: ikiwa nyekundu na inameta gundi mwanga unatosha, ikiwa kijani tupu imerefuka na haina umande, sogeza taa karibu. Nepenthes isipotoa vibuyu majani yakawa makubwa ya kijani kilichokolea, tatizo karibu kila mara ni mwanga.

Umeme: tyubu mbili kwa saa 14 ni nusu yuniti kwa siku, yuniti 15 kwa mwezi. Nne ni yuniti 30. Wale mlioko kwenye tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi pigeni hesabu kwanza, zisije taa zikawatoa kwenye kundi lenu. Kama mlango wa gereji unaangalia mashariki, fungua asubuhi, panga Drosera pale kwenye jua la saa 1 mpaka saa 4, utapunguza taa nusu. Umeme ukikatika siku moja mbili mimea haijali, ila unaporudi kwa kishindo taa zinaungua, weka kilinda umeme kama cha friji. Ekstensheni ining'inie juu ya usawa wa maji muda wote, usiilaze sakafuni karibu na trei, tafadhali.

Hatua ya 5: kuagiza na kupokea

Mimea hai kutoka nje inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, wahusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Ongea nao kabla ya kulipa, sio mzigo ukishafika. Nepenthes zote na Dionaea zipo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwahiyo muuzaji wa halali atakuwa na karatasi na atakuuzia mimea iliyooteshwa kitaluni. Anayekwambia "natuma kimya kimya" mkimbie, mara nyingi ni mimea iliyong'olewa porini na ikikamatwa inachomwa.

Mbegu za Drosera ni njia nafuu na ndo ninayowashauri wanaoanza. Nepenthes mbegu zake lazima ziwe mbichi za karibuni, na hata zikiota ni miaka kabla hujaona kitu cha kujivunia.

Mimea ikifika imechoka. Sisi wa Tanga tuna mfano mkubwa hapa: mkonge ulivyoletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, katika vichipukizi 1,000 vilivyoanza safari vilivyofika salama ni 62, na hao 62 ndo wakajaza mkoa mzima. Kwahiyo usikate tamaa na mmea uliofika umenyauka. Toa kwenye karatasi, suuza mizizi na maji ya mvua, panda, weka kivulini umefunika na mfuko wa nailoni uliotobolewa matundu. Kila siku mbili tatu ongeza tundu. Baada ya wiki mbili toa mfuko, wiki ya tatu sogeza kwenye taa. Vibuyu vya Nepenthes vitakauka vyote, kawaida hiyo, angalia jani jipya tu. Na muda huo wote mmea mgeni ukae mbali na wenzake, kama umekuja na wadudu utajua mapema.

Hatua ya 6: kumwagilia bila kufuga mbu

Drosera zinakaa kwenye trei yenye maji ya sentimita 1 mpaka 2, yananyonywa kutoka chini. Nepenthes hazikai kwenye maji, zitaoza mizizi, hizo mwagilia juu mpaka yatoke chini, acha zichuruzike, rudia makumbi yakianza kukauka juu, ambayo kwa joto letu ni kama kila siku moja au mbili.

Maji ya trei yakikaa mbu anataga, na dengi na malaria hatuchezi navyo. Mbu anahitaji wiki moja hivi mpaka siku kumi kutoka yai mpaka kuruka, kwahiyo fanya hivi: acha trei ikauke kabisa, vyungu vibaki na unyevu tu, siku hiyo hiyo au kesho yake jaza upya. Na kila Jumamosi toa vyungu, sugua trei, mayai yanang'ang'ania pembeni. Usipulize dawa ya mbu humo ndani.

Hatua ya 7: kulisha

Gereji ina wadudu wachache kuliko nje, kwahiyo utasaidia kidogo. Kidogo kweli. Nepenthes kibuyu kimoja, mdudu mmoja au wawili wadogo kila wiki tatu nne, na sio lazima vibuyu vyote. Nzi, mende mdogo, panzi mdogo, buibui. Msimu wa kumbikumbi kusanya, anika vikauke kabisa, weka kwenye chupa, unakuwa na chakula cha miezi. Drosera mpe mbu uliyemwua kwa mkono (sio wa dawa), au chakula cha samaki wa mapambo kilichosagwa, ncha ya kijiti cha meno inatosha kwa jani.

Usiweke nyama, dagaa, yai wala jibini. Dagaa ana chumvi na mafuta, jani linaoza na harufu inaita panya. Kibuyu kikimwagika maji kijaze na maji ya mvua robo tu.

Wadudu waharibifu

Adui mkubwa ni vidung'ata, wale weupe wenye unga kama pamba kwenye maungio ya majani ya Nepenthes, na wanaletwa na sisimizi. Futa na pamba iliyochovywa spiriti, rudia kila baada ya siku tano mpaka waishe, na miguu ya rafu iweke kwenye vikopo vya maji yenye matone ya mafuta ya kupikia sisimizi wasipande. Drosera na Dionaea zikipata vidukari, zamisha mmea mzima na chungu chake kwenye ndoo ya maji ya mvua siku mbili. Sabuni usipulize kwenye Drosera.

Utando wa kijani juu ya udongo maana yake maji mengi na hewa haizunguki, au madini yanaanza kujikusanya. Pima maji yanayotoka chini ya chungu. Yakizidi 100 suuza chungu chote kwa maji ya mvua mara tatu nne, na hata kama hakuna tatizo badilisha cha kupandia kila baada ya mwaka au miaka miwili, makumbi yetu yanaoza haraka kwa joto hili.

Sasa Dionaea

Asili yake ni eneo dogo la North Carolina na South Carolina, Marekani, na kule kuna majira ya baridi. Inahitaji kulala miezi mitatu hivi kwenye nyuzi 0 mpaka 10. Isipolala inatoa majani madogo zaidi kila msimu mpaka inaisha. Ndo maana mtu ananunua, inapendeza miezi, alafu "imekufa tu yenyewe".

Njia inayofanya kazi huku ni friji. Kuanzia mwezi wa kumi na moja punguza taa taratibu mpaka saa 9 kwa siku kwa wiki tatu hivi, usiilishe. Kisha ing'oe, osha mizizi, kata majani yaliyokufa, funga kwenye Sphagnum yenye unyevu iliyokamuliwa, weka kwenye mfuko wa plastiki, kwenye droo ya mboga ya friji, sio friza. Kagua kila wiki mbili kama kuna ukungu. Mwishoni mwa Februari itoe, panda, kivulini siku chache, alafu taa. Umeme ukikatika usifungue friji, baridi inakaa muda mrefu.

Mdudu wa kuilisha asizidi theluthi ya mtego. Ule mdomo unafunga vinyweleo vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na ukishafunga juu ya mdudu aliyekufa unatakiwa uupapase taratibu kwa nje kama sekunde 30, mtego udhani yuko hai anahangaika, vinginevyo utafunguka bila kula. Watoto waelezeni wasiuchokoe kwa vidole, kila mtego una mafungo machache tu kisha unakufa.

Kuzidisha

Drosera ni rahisi kupita kiasi. Kata jani zima lenye afya, weka kwenye chupa ya maji ya mvua yenye kifuniko, iache chini ya taa, wiki tatu mpaka sita vichipukizi vinatokea juu ya jani. Adelae inatoa watoto yenyewe kwenye mizizi. Mbegu za Drosera nyunyiza juu ya piti iliyolowa, usizifunike, zinahitaji mwanga, wiki mbili mpaka sita zinaota.

Nepenthes ikirefuka ikawa kamba, kata kipande chenye maungio mawili au matatu, kata majani yabaki nusu, chomeka kwenye Sphagnum, funika na chupa iliyokatwa, kivuli chenye mwanga. Miezi miwili mpaka mitatu mizizi imeshika. Shina ulilokata usilitupe, litachipua pembeni.

Kila chungu kiandike jina kamili la aina na tarehe, kwa penseli kwenye kipande cha plastiki nyeupe, wino wa kalamu unafutika kwa unyevu. Ukianza kubadilishana vipandikizi na wenzako wa Chumbageni au Makorora hilo jina ndo litawasaidia wajue wanampa maji kwa trei au kwa juu.